Jani Pembeni mwa Bendera

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu sana. Huku tu wazima wote, isipokuwa mgongo wangu, ambao umeamua kuzeeka kabla yangu. Vipi hali yako, na wifi yangu, na binti yenu? Mama anasema nikuulize kama unakula au unashindia chaki. Nimemwambia mwanamume mwenye mvi haulizwi hivyo. Akasema niandike nilichotumwa.

Nina habari kubwa. Nimepata kazi ya serikali, na usicheke. Mwezi wa saba wakuu wa nchi zote za bara letu watakutana mjini hapa, kwenye ule ukumbi mpya nyuma ya stendi, na bendera zao zote amepewa nani azishone? Dada yako. Mimi niliyezoea sare za shule na mapazia ya wodi. Mtu wa itifaki alikuja mwenyewe dukani, viatu vinang'aa, akakaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, nikawa naomba kimya kimya kisimwangushe. Mpaka leo tunamwita Bwana Itifaki.

Nchi hizi, mdogo wangu! Wewe ulikuwa ukizikariri na miji yake mikuu huku unazunguka meza ya baba, mpaka tunakufukuza uende ukawaimbie kuku. Mimi sikushika hata moja. Sasa nazijua zote, ila nazijua kwa mita. Kuna nchi ya jangwa imejaza kijani kuliko nchi ya misitu. Kuna ya visiwa inataka samawati tatu tofauti, na muuza vitambaa anasema yeye anajua moja tu. Karibu kila nchi imeweka damu yake, hata nyekundu imekwisha madukani. Yule muuza vitambaa akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna vita inakuja.

Nimekwama kwenye nchi moja, na hiyo ni ya kwenu huko ulikooa. Chati ya bendera niliyoazima shuleni imebandikwa karatasi juu ya bendera yenu tangu geti la mpaka lilipofungwa. Nilijaribu kuibandua, ikatoka na bendera yenyewe. Karatasi ya Bwana Itifaki ni kopi ya kopi, bendera yenu ni kivuli chenye kitu katikati, labda ndege, labda jembe. Nilipomwuliza aliangalia mlango kwanza, kisha akasema, "Mama fundi, mimi sijawahi kuiona." Kuuliza wizarani hathubutu, maana watu wanaouliza habari za kwenu huwa wanaishia kuulizwa wao.

Nikianika nguo uani naiona shule yako pale mlimani ng'ambo ya mpaka, na naona kitu kinapepea. Lakini kwa umbali ule hata leso inapepea. Nikiazima darubini, nitalala rumande.

Sasa nisikilize vizuri. Mkutano huu ndio utakaozungumzia geti. Bwana Itifaki anasema watu wa kwenu wanakuja shingo upande, na wakiona kasoro yoyote kwenye bendera yao watapata sababu ya kupanda ndege warudi. Hapo geti litabaki limefungwa, na mama macho yanazidi kuingia ukungu. Anataka kumwona mjukuu wake angali anaona. Kwa hiyo niambie: bendera yenu ikoje?

Dada yako,
Fundi


29 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mama umfikishie mkononi. Sisi hatujambo. Binti amepoteza meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele ya wageni. Wifi yako anakusalimu, anauliza lini wewe mumewe wa pili utamletea mzigo wa mahari, na anasema bado hajakulipiza matusi uliyomtukana kwenye harusi. Utani wenu nyie mimi simo.

Barua yako imezunguka nchi ya tatu karibu mwezi mzima ili ifike mahali ambapo mbuzi wa kwenu hufika asubuhi moja, wala hakuna anayewaomba pasi.

Swali lako limenifurahisha, maana ndilo somo ninalofundisha kidato cha pili. Bendera yetu, dada, haieleweki bila historia. Siku ile ya uhuru watu wa bonde walitaka rangi ya njano, kwa sababu ya mavuno. Watu wa ziwani wakasema bila samawati hawaingii katika nchi yoyote. Watu wa milimani, ambao ndio walifungwa zaidi na kupigwa zaidi, wakataka damu ya mzee, na hapo hakuna aliyebisha. Ndege mweupe ni yule wa mvua, hana kabila, kila mtu anamkuta kwake, ndiyo maana akawekwa katikati. Walibaki watu wa misituni, ambao walitaka kijani. Mjadala wao ulichukua juma zima, watu wakalala ukumbini, na mzee mmoja wa misituni akasema nchi isiyo na jani haina kivuli. Ni maneno mazito, na wanafunzi wangu huyapenda sana. Ukitazama ramani ya bara utaona jambo hili limejirudia kila mahali: nchi zilizochorewa mipaka na wageni zimejaribu kujishona zenyewe kwa

Karatasi imekwisha na duka limefungwa. Nadhani umepata picha.

Mdogo wako,
Mwalimu


22 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo, mgongo vilevile. Shikamoo zako zimefika, mama amezipokea akasema huyu mtoto anaongea kama redio.

Na mimi nasema hivyo hivyo. Nimekuuliza bendera ikoje, umenipa darasa la kidato cha pili. Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa na chaki mkononi, tayari kuchora kitambaa, na sijachora mstari hata mmoja. Ipi iko juu? Njano, samawati au hiyo damu ya mzee? Mistari imelala au imesimama? Ndege anaruka au amekaa? Watu wa misituni walishinda au waliondoka na njaa yao? Kitambaa hakishonwi kwa maneno mazito, Mwalimu!

Jibu kwa ufupi, kama unavyowajibu wanafunzi wanaoomba ruhusa. Wifi mwambie mahari yangu ni yeye kujifunza kushona, maana nguo alizonionyesha kwenye harusi zilikuwa zimeshikwa na imani tu.

Dada yako,
Fundi


14 Mei

Dada,

Shikamoo. Sote wazima.

Barua yako ya mwisho imenifikia ikiwa imebandikwa tepu ambayo si yako. Karani wa posta ya hapa aliniuliza kwa upole kwa nini mtu wa ng'ambo anataka kujua kipi kiko juu. Nilisema ni mambo ya vitanda vya ghorofa. Kwa hiyo hayo tusiyaandike tena kwenye posta.

Barua hii nampa dereva mmoja wa lori la saruji anayezungukia nchi ya tatu. Anakuletea pia mto wa kulalia, zawadi kwa mama. Umeshonwa na wifi yako. Nakuomba wewe mwenyewe, kama fundi, uangalie mshono wake. Uangalie vizuri.

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwenu nyote. Sisi wazima, ila mama ananung'unika, na kunung'unika kwake ni dalili ya afya.

Mto umefika. Nimeuangalia mshono kama ulivyosema, na kama wifi alitaka kunitania amefaulu. Mshono wa mkono, umepinda kama njia ya konokono, uzi mweupe juu ya kitambaa cha bluu! Nilishindwa kuvumilia. Sikuufungua hata kidogo, nilipitisha cherehani juu yake palepale, mishono miwili, sasa hata mwizi hawezi kuufumua. Mwambie wifi somo la kwanza nimempa bure.

Mama anausifu kwa upendo ulioushona lakini anasema unamchoma sikio. Nimemwambia alalie shavu la upande wa pili. Anasema huko nako unachoma. Uzee, mdogo wangu.

Kuhusu ile kazi, na barua hii haipiti posta, muda umekwisha na nimeamua kubahatisha. Wewe ulianza na njano, kwa hiyo njano nimeweka juu. Nikiangalia nilichofanya roho inakaa mkononi, lakini nifanye nini? Bwana Itifaki anakuja kuchukua wiki ijayo. Usiku nikilala namwona rais wenu akisimama, akitazama, na kuchukua kofia yake.

Dada yako,
Fundi


12 Juni

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Leo sina salamu, zichukue zote kwa mpigo.

Niliporudi sokoni nilimkuta mama amekaa katikati ya pamba, kitanda cheupe, nywele nyeupe, mkasi wangu mkubwa mkononi. Ametoboa mto. Nikafungua mdomo nimgombeze, akaninyooshea kipete cha chuma. "Hiki hapa," akasema. "Ndicho kilichokuwa kinanila sikio, na wewe unasema uzee." Kipete kimefungwa kwenye kamba, kamba imefungwa kwenye kitambaa, kitambaa ni bendera yenu, nzima.

Mdogo wangu, mama yetu amelalia bendera ya ng'ambo juma zima na zaidi, na mimi fundi mzima niliipigia mishono miwili ili isitoke. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli. Najua bendera chakavu kwenu inachomwa na kuzikwa jivu. Hii imechakaa, ulipaswa kuichoma. Umechoma nini badala yake? Na mkuu wa shule alikuwa amesimama wapi? Kama ingeonekana njiani, ungeniandikia barua kutoka wapi leo?

Ile yangu ya kubahatisha nimeifumua yote. Damu ya mzee ndiyo juu, samawati katikati, njano chini, na ndege anaruka. Sikuwa nimepata hata moja. Nimeishona upya nikiifuata ya kwenu uzi kwa uzi, sikuongeza wala kupunguza. Hata lile jani dogo la kijani pembeni chini, lenye mshono wa msalaba kuzunguka, nimelitoa lilivyo. Nilipoliona nilifurahi. Nikasema kumbe watu wa misituni hawakuondoka mikono mitupu, walipewa kona yao.

Bwana Itifaki ameichukua. Aliishika kama mtoto mchanga. Barua hii nampa dereva, si posta.

Dada yako,
Fundi


1 Julai

Dada!

Shikamoo, na unisamehe mwandiko, naandika dereva akinisubiri.

Hakuna jani. Watu wa misituni walishindwa! Walipata uwaziri wa kilimo, hawakupata kona yoyote. Hicho ulichoshona ni KIRAKA. Mwaka juzi upepo uliipiga bendera yetu kwenye ukingo wa bati la bweni ikachanika, na bendera mpya tulikuwa tunaahidiwa kila muhula. Wifi yako akakata kipande kwenye gauni lake la kijani akaiziba. Wewe unajua mshono wa wifi yako. Ndiyo maana kina umbo la jani, hakikukusudiwa kuwa na umbo lolote.

Na baya zaidi ni hili. Bendera nchi nzima hakuna yenye kiraka hicho ila ya shule yetu. Mkaguzi mmoja wa elimu, mtu mrefu, miwani yake ameifunga uzi shingoni, alikiona akatuandikia onyo: kuitia kiraka bendera ya taifa ni utovu wa heshima. Barua hiyo ilisomwa mbele ya walimu wote, na wifi yako hakupika siku mbili. Nasikia mkaguzi huyo amepanda cheo, yuko mji mkuu sasa. Mtu yeyote wa wizara akiiona bendera yako atajua imenakiliwa kutoka wapi, na atakuja kuuliza ile tuliyoichoma iliungulia wapi.

Ulichouliza, bendera mpya ilipofika nilipewa hii ya zamani niichome, na nilichochoma ni lilelile gauni la kijani, nimelikunja ndani ya karatasi ya kaki kama kanuni inavyotaka. Mkuu wa shule alisimama karibu, akapiga saluti. Wifi yako alisimama dirishani, na sijui kama nitasamehewa.

Dada, kitoe kiraka hicho. Kitoe kabla ya mkutano, hata ukiingia ukumbini na mkasi mfukoni. Nampa dereva barua hii sasa hivi na namwomba asilale njiani.

Mdogo wako


14 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi na furaha nyingi. Mama mzima, analalia mto wa zamani. Wewe sijapata neno lako tangu ule mto, lakini najua lori ni lori.

Mkutano umekwisha! Nilikuwemo ndani, mdogo wangu, nimevaa kitambulisho shingoni, kazi yangu kukaa nyuma ya pazia na sindano kama kuna pindo litaachia. Bendera zote zilisimamishwa nyuma ya viti. Ukizitazama kwa pamoja unaweza kudhani ni nguo za familia moja siku ya kufua. Nilijisikia fahari, sisemi uongo.

Wa kwenu waliingia mwisho, wamenuna. Rais wenu hakukaa. Alisimama akaanza kuipekua bendera yake kwa macho, juu mpaka chini, kama mimi nikikagua suruali ya mteja mgomvi. Akafika kwenye lile jani. Akalishika kwa vidole viwili. Akamwita mtu wake mmoja, mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, akamwonyesha. Yule mtu akavaa miwani, akainama, akakaa ameinama muda mrefu. Bwana Itifaki alikuwa amenishika mkono na hakujua kama amenishika.

Kisha yule mrefu akamnong'oneza rais, na rais akaketi. Basi. Hakuondoka, alikaa siku zote za mkutano, na mwisho wake redio imesema wamekubaliana "kimsingi" juu ya geti. Lini, hawakusema.

Ila siku ya mwisho yule mrefu alinifuata nyuma ya pazia, bendera yenu mkononi. Akaniuliza, "Mama, ni wewe umeshona ya kwetu?" Nikasema ni mimi. "Na hili la pembeni ulilitoa wapi?" Nikasema fundi ana vyanzo vyake. Akanitazama, akaikunja bendera, akaiweka kwapani akaondoka nayo. Hakucheka wala hakukasirika. Tangu hapo sura yake hainitoki. Kuna nini na lile jani?

Dada yako,
Fundi

Naongeza hapa tarehe 21. Sikuwa nimeituma kumbe, dereva hakuwa amepita. Leo amepita, amenipa barua yako ya tarehe mosi. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Miwani kwenye uzi. Ni yeye, mdogo wangu, na ameondoka na kiraka chenu kwapani. Jibu upesi. Andika neno moja tu, "nipo", inatosha.


23 Agosti

Mdogo wangu,

Sijui kama barua hii inakwenda kwa mtu aliye nyumbani kwake. Naiandika tu.

Dereva haji. Posta wanasema nchi ya tatu ina uchaguzi, mipaka yao imefungwa mpaka kura zihesabiwe, na kura zimehesabiwa, zimebishaniwa, sasa zinahesabiwa tena. Magunia ya barua yamekaa huko. Ninajiambia neno lako limo ndani ya gunia mojawapo. Usiku ninajiambia lingine.

Kila siku naanika nguo hata kama sina za kuanika, ili nitazame mlima wako. Bendera inapepea pale shuleni, lakini bendera haisemi mwalimu yupo au hayupo. Niliifuata uzi kwa uzi, mdogo wangu. Fundi mwingine mzembe angekiruka kile kiraka, na wewe ungekuwa salama. Mimi ndiye niliyekuomba, na mimi ndiye niliyekinakili. Kama wamekuchukua, ni mkono wangu umekuchukua.

Mama sijamwambia. Ameacha kunung'unika, kwa hiyo nadhani anajua.

Nimeshona gauni la kijani. Vipimo nimekadiria kwa kukumbuka harusi. Sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Dada yako


9 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Safari hii naanza na kilicho juu: mimi mzima. Sijakamatwa, sijafukuzwa kazi, na sijakonda. Barua zangu mbili ziko nchi ya tatu, zinasubiri mshindi atangazwe.

Naandika nikiwa kwenye foleni getini, karatasi juu ya begi. Wamefungua asubuhi hii bila sherehe, askari mmoja tu wa huku na mmoja wa huko walishindwa kukumbuka kufuli ni la nani, wakalivunja. Mstari wa akina mama na watoto unakwenda haraka. Wetu wenye mizigo umesimama. Kwa hiyo barua hii ameileta wifi yako, na huyo aliyejificha nyuma yake ni binti yetu. Meno yameota.

Sasa yule mrefu. Alikuja shuleni mwishoni mwa Julai, gari la serikali. Mkuu alitukusanya uwanjani. Nilipoiona bendera yako kwapani mwake nilimshika mwalimu wa hesabu bega kama mlevi. Akaikunjua mbele yetu sote. Dada, ni nzuri. Kiraka chako kimeshonwa vizuri kuliko bendera yetu nzima.

Akasema rais alishauriwa na watu wake atafute kasoro yoyote ili aondoke siku ya kwanza. Akaiona hiyo. Akamwuliza yeye hii dhihaka ni ya nini. "Mimi nilijua ni nini," akasema, na alikuwa ananitazama mimi. "Niliwahi kukiandikia onyo." Lakini alisema alipoinama pale akaona mshono ule umefuatwa tundu kwa tundu, mpaka pale uzi ulipopinda, akashindwa kusema ni dhihaka. Akamwambia rais, "Mheshimiwa, hiki ni kiraka cha shule moja ya mpakani. Watu wa ng'ambo wamekishona walivyokikuta. Mtu hatii kiraka nguo ya adui yake." Rais akakaa.

Kisha akamkabidhi mkuu bendera yako. "Hii ni yenu," akasema. "Ikichakaa, mchome bendera. Msichome magauni." Mkuu wa shule alikohoa sana, nikajua nani alimwambia. Alijua siku ileile, dada. Alipiga saluti huku anajua, na harufu ya vifungo vya plastiki vinavyoungua inamfikia.

Ndiyo hiyo unayoiona mlimani ukianika nguo. Imepepea hapo wakati wote huu, na mimi chini yake nafundisha, na wewe ulikuwa unaitazama ukilia, kama nakujua. Nilitamani mno ungekuwa na ile darubini.

Wifi yako hajasema neno juu ya gauni tangu siku ile, na hilo ndilo linalonitisha. Ukiwa na kipande chochote cha kijani dukani, mwonyeshe sasa hivi, kabla sijafika. Mwambie mama mto mpya ninao begani, nimeushona mwenyewe, na ndani hamna kitu ila pamba.

Foleni inasogea. Mengi nitasema kwa mdomo, na unajua ni mengi. Wape maji hao, wametembea juani. Mpeleke mama mlangoni, umsimamishe penye mwanga.

Mdogo wako,
ambaye kutoka hapa analiona bati la nyumba yetu